Alama ya Kuuliza Kwenye Ndoo za Rungwa

Nyie mnaotumiana vile vikatuni vya uso wa njano kwenye simu, kimoja kinacheka mpaka kinatoa machozi, kingine kimejiziba mdomo, hebu niwaulize. Mmewahi kujiuliza kile kicheko kinafikaje kwa mwenzako kikiwa bado kicheko? Kwa nini hakifiki kikiwa kiboksi kitupu, au mstari wa herufi zilizolewa? Hamjawahi. Mnadhani vinatembea vyenyewe. Mimi nimekaa mbele ya kompyuta hapa Singida mjini tangu enzi za zile zenye chogo mpaka macho yaliponiomba nipumzike, na nawaambia bila kupunguza: hakuna herufi iliyowahi kufika salama kwa mapenzi yake. Kila moja ilisindikizwa na mtu, na kwa miaka mingi msindikizaji nilikuwa mimi.

Sikusomea. Nimekulia kwenye duka la baba yangu karibu na soko, yeye Mnyaturu aliyeoa mwanamke wa Pangani, na elimu niliyopata pale ilikuwa ya namna mbili: usikubali neno la kwanza la mtu yeyote, na kila kitu kihesabu mara mbili, mteja akiwa mbele yako na mteja akishatoka. Taipu nilifundishwa na Mama Agnesi, mwanamke wa Itigi aliyekuwa mpiga chapa wa ushirika mpaka ushirika ulipokata roho. Alikuwa na tabia ya kusoma kila ukurasa kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Ukisoma kutoka mwanzo, alisema, jicho linasoma unachotaka kuona. Ukisoma kinyumenyume linalazimika kusoma kilichopo. Nilimcheka kama mnavyonicheka nyie, kisha nikala kwa mbinu ile maisha yangu yote ya kazi.

Ushirika ulipokufa, kila mwenye lori akawa mnunuzi. Ilikuwa enzi ya ruksa. Mtu leo ana genge la nyanya, kesho ananunua alizeti Ilongero, keshokutwa ni msafirishaji wa mazao nje ya nchi, na kadi ya biashara ameshachapisha kabla hajapata mzani. Bosi wangu, Alhaji Sefu, alikuwa mmoja wao, ila yeye mzani alikuwa nao. Alikuwa nayo mizani miwili, wa kununulia na wa kuuzia, lakini hiyo si habari ya leo.

Asali aliianza miaka ya baadaye, akiinunua Rungwa, kule porini kando ya hifadhi. Ililetwa Singida kwa lori, ikaenda Dar es Salaam kwa wakala, na wakala akaisafirisha kwa mnunuzi wa Ulaya. Huyo mnunuzi alikuwa mtu wa mashaka. Alitaka kujua kila ndoo imetoka kwa mrina asali gani, na habari hizo zitumwe kwa kompyuta kwa mtindo unaoitwa XML.

Msitishwe na jina. XML ni maandishi ya kawaida yaliyotiwa kwenye vifuko vyenye lebo. Unafungua kifuko, unatia kitu, unafunga. Hivi:

<ndoo><mrina>Juma</mrina></ndoo>

Ile alama < inaiambia mashine kwamba lebo inaanza, na > kwamba lebo imekwisha. Kifuko ulichofungua lazima ukifunge, na cha ndani kifungwe kabla ya cha nje. Ni hilo tu. Nimeona watu wenye vyeti vya ukutani wakilisahau.

Matata yanaanzia hapa: zile alama mashine imejiwekea. Ukizitumia wewe kwa shughuli zako, inadhani unaongea nayo. Na iko ya tatu, hii &, ambayo pia imejimilikisha. Sasa kampuni yetu iliitwaje? Sefu & Wanawe. Hati ya kwanza kabisa niliyotuma ilikataliwa kabla haijaifikia asali. Ilikwama kwenye jina la bosi.

Nikamweleza Alhaji kwamba mashine haiipendi ile alama, tuandike "na" yaishe. Alhaji akatoka nje, akautazama ubao wa kampuni, akarudi. Akasema ubao ule umepakwa rangi na fundi aliyetoka Arusha, na haijazaliwa mashine ya kumtenganisha yeye na wanawe. Hao wanawe hatukuwahi kuwaona wakibeba hata ndoo moja, ila kwenye ubao walihudhuria kila siku.

Dawa yake ni ndogo. Mahali pa & unaandika &amp; na mashine ikiifungua huko mbele inarudi kuwa & kama ilivyokuwa. Mahali pa < unaandika &lt; na mahali pa > unaandika &gt;. Unaivalisha alama nguo za raia ipite mlangoni. Alhaji akabaki na wanawe, mashine ikabaki na heshima yake.

Nikadhani kazi imeisha. Sikuwa nimewaona warina wa Rungwa.

Kule, kila mrina ana alama ya ukoo anayoichoma kwa chuma cha moto kwenye mzinga. Porini hakuna ukuta wala kufuli. Mzinga uko juu ya mti na mwenyewe yuko mbali. Alama ndiyo mlinzi. Jina halisaidii kitu, kwa sababu kwenye kambi moja akina Juma walikuwa wengi kuliko miti. Ndoo ya asali ikijaa, mwenyewe anakwaruza alama yake juu ya mfuniko kwa msumari, basi, kamaliza. Karani wetu wa kule alipewa fomu za kuandika majina. Akaandika Juma, Juma, Juma, akachoka, akaanza kujaza fomu kwa kubuni kichwani. Alhaji akaona afadhali niandike alama za mifuniko.

Nikaingia stoo, nikakaa juu ya gunia la alizeti, nikaanza kusoma mifuniko. Ya kwanza ilikuwa kama mdomo wa ndege uliofunguka: <. Ya pili kama fundo la kamba: &, na hapo sijatia chumvi. Wazee wale walikuwa wakichoma alama hizo kwenye mizinga kabla mtu yeyote hajaota kompyuta, na sasa mashine iliyoletwa juzi inasema ni zake. Nikazivalisha nguo zote. Ila nisikilizeni, maana hili mtalifanya: anza na & kila mara. Mimi nilianza na <, zikawa &lt; nikafurahi, kisha nikaiamuru kompyuta ivalishe kila &. Ikazivalisha hata zile nilizotoka kuzitengeneza. Kila moja ikawa &amp;lt; na huko Dar ikatokeza &lt; kwenye lebo, wakala akapiga simu kuuliza huyu Bwana Lt wa Rungwa ni nani, mbona ana asali nyingi hivi. Tangu hapo, katika mambo yote ya dunia, hilo ndilo pekee nililokubali kulifanya mara moja tu.

Zikabaki alama ambazo kwenye kibodi hazimo. Mmoja alikuwa na mkuki uliosimama. Mmoja mwezi. Mmoja kitu kama pembe mbili. Mmoja pembetatu. Kompyuta ina droo yake ya ndani yenye maumbo ya kila aina, ya mahesabu na ya mapambo, nikaipekua kama mwanamke anayechagua mtumba siku ya mnada, nikapata mshale uliokaa kama mkuki, nikapata mwezi, nikapata vyote. Watu wanne. Nikawahesabu tena, wanne. Nilijiona fundi.

Wiki hiyo akaja Edgar, mtaalamu kutoka Dar, kuja kutufungia programu mpya. Shati la mikono mirefu na tai kwenye vumbi la Singida, na alikuwa akiizungumzisha printa kwa Kiingereza, ikigoma anaibembeleza. Kwa haki niseme: kazi aliijua. Alichokuwa hajui ni kusoma kitu kilichoandikwa mbele yake. Alipokuwa akihifadhi hati yangu, kikatokea kidirisha kidogo kikisema kwamba humu mna alama ambazo zitapotea zikihifadhiwa hivi, uendelee? Mimi nilikuwa nimeshaanza kukisoma. Yeye akabonyeza ndiyo.

"Hivi vidirisha vinakuja tu, dada," akaniambia. "Ukivisikiliza vyote hulali."

Mambo yalikuwa hivi. Kompyuta haijui herufi, inajua namba. Kwa hiyo watu walikaa wakapatana kwamba namba hii ni A, namba ile ni B, na mapatano hayo yanaitwa usimbaji. Ya zamani yalikuwa mapatano madogo, yenye nafasi ya herufi za Ulaya na vikorokoro vyao vichache. Mkuki wa Rungwa haumo. Kisichokuwemo kinaandikwa ? na kilichokuwepo ndiyo basi tena, hakirudi hata uite fundi. Ya baadaye yanaitwa UTF-8, na humo wamewekwa karibu watu wote wa dunia na vicheko vyenu vya njano juu yake. Hati yetu mstari wa kwanza ulitangaza UTF-8. Ndani ilikuwa imehifadhiwa kwa yale ya zamani. Tulikuwa tunauza kopo la lebo moja na kilichomo kingine, jambo ambalo Alhaji hakuona ubaya wake mpaka lilipomgeukia.

Lebo zikachapwa Dar. Mkuki, mwezi, pembe na pembetatu wote wakawa mtu mmoja aitwaye "?". Wakala akachota asali kidogo kwenye kila ndoo, akaipeleka kupimwa. Ndoo moja ya "?" ikakutwa imetiwa sukari. Ikaja barua pepe kwamba ndoo zote za mrina huyu zimezuiwa, na asinunuliwe tena.

Alhaji akaisoma mara moja tu, yeye hakuwa mtu wa mara mbili. Akaamuru niwafute wote wanne. Warina wako wengi, akasema, hata Itigi wapo.

Habari zikafika Rungwa kabla ya lori, sijui zilipandia nini. Na siku chache baadaye akaingia ofisini mzee mmoja mkavu, mrefu, koti la mvua kiangazi, ananuka moshi wa porini. Nikasimama nikampa shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayetuandika?"

Nikakubali, maana hapakuwa na mwingine wa kumsingizia. Akasema anaitwa Kasanda, wa mkuki. Akaketi, akakataa chai, akanieleza polepole. Kwao, mrina akitia sukari kwenye asali hapigwi wala hapelekwi polisi. Mizinga yake inashushwa kwa kamba kutoka mitini, mmoja mmoja, kambi nzima ikitazama, na alama yake haitundikwi tena kwenye pori lile. Sasa wamesikia mkosaji ni mmoja kati ya watu kadhaa na kompyuta ya Singida haijui ni yupi. Kwa hiyo kambi imewatenga wote mpaka ijulikane.

"Nimepewa moto wa peke yangu," akasema. "Umri huu. Napika ugali peke yangu kama mchawi."

Hakuja kuomba ndoo zake. Alikuja kutaka alama yake iandikwe.

Edgar alikuwa bado yupo, anabembeleza printa. Akavuta kiti, kwa heshima kabisa, akamshika mzee mkono kwa mikono miwili, akaleta suluhisho.

"Mzee wangu, tuachane na michoro. Tutakupa namba. Wewe utakuwa kumi na saba."

"Kumi na saba alikuwa nani kabla yangu?"

"Hakuna mtu, mzee. Ni namba tu."

"Na nikifa?"

"Tutampa mwingine."

Mzee akanigeukia mimi. "Mwambie kijana wako, mkuki wangu hapewi mwingine. Ulikuwa wa babu."

Sasa mimi nimezoea kusimama kati ya mtu anayetaka kumi na mtu anayetoa mbili. Nikamuuliza Edgar, tukihifadhi hati kwa UTF-8 kama tulivyotangaza, mkuki utafika? Akasema utafika, na hapo alisema kweli, ila printa ya wakala haina umbo la mkuki kwenye herufi zake, itachapa kiboksi kitupu. Yaani mambo ni matatu, na mengi mnayolaumu ni kwa kuchanganya hayo matatu: kwanza nguo za alama, ili mashine isidhani unaongea nayo, pili mapatano, ili namba imaanishe kitu kilekile kwako na kwake, tatu umbo, ili mwenzako awe na namna ya kulichora. Tungetengeneza mawili, la tatu lingetuumbua Dar.

Nikamgeukia mzee. Nikamuuliza: mtu akiwa mbali, haoni mzinga, utamwambiaje ni wa nani?

Akanitazama kama nimeuliza maji yanalowanisha nini. "Nitamwambia ni wa mkuki."

"Na yule wa pembetatu?"

"Mafiga. Na yule ni mwezi mchanga. Yule pembe ya ng'ombe. Wa kwanza kwenye orodha yako ni mdomo wa kwale."

Mnaona. Alama zote zilikuwa na majina yanayotamkika, yenye herufi za kawaida ambazo hata taipu ya Mama Agnesi ingeyapiga, na mimi niliyefundishwa kuuliza bei mara tatu nilikuwa nimepekua droo za kompyuta bila kumuuliza mtu swali moja. Edgar akafurahi, kwa sababu herufi za kawaida hazina ugomvi na mapatano yoyote. Tukapatana hivi: alama iandikwe kwa jina lake la kutamka, na namba ya Edgar ikae pembeni kwa ajili ya Edgar. Mzee akakubali namba ibaki ilimradi asiitwe kwayo.

Tukaandika, tukajaribu, ikakwama. Kwenye ng'ombe. Programu ya Edgar ilifunga kila jina kwa nukuu moja mwanzo na nukuu moja mwisho, na ng'ombe, kama mnavyomjua, anayo ya kwake tumboni. Mashine ikaona nukuu, ikadhani jina limeishia "pembe ya ng", ikakuta "ombe" amesimama nje, ikauliza huyu ni nani. Kompyuta iliyotengenezwa mbali huko haikuwahi kufikiriwa kwamba itafika nchi ya ng'ombe. Ikabidi avalishwe naye: ng&apos;ombe. Edgar alicheka mpaka tai ikaingia kwenye chai, na kuanzia hapo nikaanza kumpenda.

Ndipo mzee akasema tumesahau chale.

Chale gani? Akaenda stoo, akatoa mfuniko wa ndoo ambayo ilikuwa haijasafirishwa, akanionyesha kwa ukucha. Mtoto wa kiume akianza kutundika mizinga yake mwenyewe habuni alama mpya. Anachukua ya baba yake, anaikata chale moja kwenye mpini. Mjukuu atakata mbili. Ukiona mkuki mtupu ni wa Kasanda. Ukiona mkuki wa chale moja ni wa Maganga, mwanawe wa kwanza.

Chale zile niliziona. Nilidhani ni mikwaruzo ya lori. Niliwahesabu watu wanne mara mbili, na mara zote mbili walikuwa watano.

Ilibaki kujua ndoo ile yenye sukari ni ya nani, maana lebo yake ilisema "?" na wakala hakujua kusoma mifuniko, kwake ilikuwa mikwaruzo. Nikampelekea Alhaji ombi: wakala aweke karatasi juu ya kila mfuniko uliozuiwa, asugue kwa penseli alama itokeze, atutumie kwa faksi. Kama hamjawahi kufanya hivyo, jaribuni na sarafu. Alhaji akasema hiyo ni kazi ya chekechea na simu si ya bure. Nikamwambia ni kweli, tuwaache tu, kwa sababu yule tajiri wa Manyoni mwenye lori jipya ameshaulizia warina ambao Sefu & Wanawe wamewaacha. Alhaji akainua simu mwenyewe.

Faksi ikaanza kuingia kesho yake asubuhi, ndoo ya sukari kwanza. Mashine ile ilikuwa ikitoa karatasi polepole kama inaomba ruhusa. Ikatokeza ncha. Ikatokeza kichwa cha mkuki. Ikaja mpini, na juu ya mpini madoa meusi, mistari, uchafu wa penseli na wa laini ya simu, na katikati ya hayo yote pengine palikuwa na chale na pengine hapakuwa.

Alhaji akaishika karatasi, akaishusha. Mkuki tumeuona wote.

Lazima mwelewe biashara ilivyokuwa. Mzee Kasanda ndiye aliyekuwa akileta ndoo nyingi kuliko wote kambini. Wa mwezi mchanga alikuwa akileta mbili tatu, mtu asiye na sauti. Alhaji akafunga mlango, akaongea kwa upole ambao nilikuwa nimeuona kwenye ule mzani wa kununulia.

"Mzee wangu, faksi hizi mbovu. Hii inaweza kuwa kitu chochote. Tuseme ni mwezi mchanga, yeye ndoo zake chache, hatutaumia. Wewe unarudi kwenye moto wa wenzako leo hii."

Edgar akawa anatazama kibodi kana kwamba kimeongezewa herufi. Mzee akaichukua karatasi, akaenda nayo mlangoni, akaufungua, akaisogeza kwenye jua. Akaitazama kwa muda. Akapitisha ukucha kwenye mpini, juu, chini, ukasimama mahali.

"Mwezi mchanga hana mkuki," akasema.

"Basi ni wako," Alhaji akasema, sasa bila upole.

Nyie mnaonisoma mnaweza kuhesabu haraka kuliko mimi. Akisema ni mkwaruzo, ndoo ni yake, na mizinga inayoshushwa ni ya babu yake. Akisema ni chale, si yake. Nikaona nijaribu kumpatia bei ya katikati, ndiyo tabia yangu, nikamwambia mzee, karatasi hii imechafuka kweli, haisomeki, hata hicho unachokigusa kinaweza kuwa alama ya lori. Tuwaambie Dar hatukuweza.

"Mwanangu," akasema, "wewe ndiye uliyeona mikwaruzo ya lori mpaka ukanifanya mtu mmoja na Maganga. Nimetoka Rungwa kuja kukuambia sisi ni wawili. Kaa uandike."

Nikakaa.

"Niandike nini, mzee?"

"Mkuki wa chale moja."

Nikaandika: <alama>mkuki wa chale moja</alama>. Chini yake nikaandika sukari kama wakala alivyopima. Nikaangalia mstari wa kwanza, nikaangalia jinsi ya kuhifadhi, kidirisha hakikutokea. Nikasoma hati yote kutoka mwisho kurudi mwanzo, kila kifuko na kifuniko chake, na macho yangu hayakupata kosa la kuliokoa jambo lile. Modem ikapiga kelele zake, hati ikaenda. Kabla ya adhuhuri wakala akajibu kwamba imepokelewa safi, na kwamba ndoo za mkuki, mafiga, mwezi mchanga na pembe ya ng'ombe zimefunguliwa. Ng'ombe alifika mzima.

Alhaji akatoka kwenda msikitini akiwa amenuna, kisha akarudi amechangamka, kwa kuwa watu wanne walikuwa wamepona na hasara ilikuwa ya mtu mmoja. Edgar akaniuliza kwa sauti ya chini kama huyo Maganga ana watoto. Nikamwambia aulize kitu kingine.

Mzee alikuwa amesimama stoo, anatazama juu ya rafu. Akamuuliza Alhaji kama zile kamba za katani anauza. Alhaji alikuwa akiuza kila kitu. Akavuta robota, akakata kipande kirefu cha kutosha kufunga mzigo wowote. Mzee akakipima kwa kunyoosha mikono, pima baada ya pima, mpaka mwisho, akamrudishia.

"Ongeza," akasema. "Maganga anatundika juu sana."